Mdogo Wangu Angani, Mimi Relini

Siku mliponiaga pale stesheni mliniomba nisiondoke na kila kitu kichwani. Basi nimekaa barazani kwangu hapa Kwamndolwa, miguu imeanza kuzoea sakafu isiyotikisika, na ninawaandikia ninyi mliobaki kwenye mabehewa ya kulala. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua wenyewe, maana ndio huohuo mnaoulalamikia. Nitaandika kazi. Na kwa kuwa siwezi kuandika kazi yangu bila kumtaja mdogo wangu Zuhura, yeye naye ataingia humu. Zuhura ni mhudumu wa ndege. Nimemwonea wivu miaka mingi, na sioni sababu ya kuficha jambo ambalo nusu ya Korogwe wanalijua.

Mimi nilizaliwa Dindira, juu milimani, baba akiwa kibarua wa chai. Treni niliiona mara ya kwanza nikiwa msichana mkubwa, na mara ya pili nikawa nimeajiriwa ndani yake. Siku ya kwanza walinipanga reli ya kati, Dar es Salaam kwenda Kigoma. Nilipewa koti la sare lililonimeza, tochi, na ufunguo wa behewa, kile chuma kizito chenye tundu la pembe nne. Kabla hatujafika Morogoro nilikuwa nimeshatapika. Abiria mmoja, mama mtu mzima, ndiye aliyenishika bega na kunipa ndimu ninuse. Nilianza kazi ya kuhudumia watu kwa kuhudumiwa.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Rajabu, mwenyeji wa Tabora, mtu mfupi asiyecheka ila akiwa peke yake. Usiku ule alinikuta nimekaa chini kwenye korido, nimeshika kichwa, akanipa somo hapohapo.

"Kumwamsha mtu ndiyo kazi," alisema. "Shuka na blanketi hata duka linaweza kugawa. Usimguse. Gonga ubao upande wa miguu, halafu taja jina la stesheni yake, si jina lake. Jina lake amelisikia tangu azaliwe, halimtoi usingizini. Jina la stesheni ndilo litakalomwinua."

"Na asipoamka?"

"Utakuwa umetaja stesheni isiyo yake."

Nimefanya hivyo mpaka nastaafu, na ninawaomba mfanye hivyo. Mwamsheni mapema kiasi cha kutafuta viatu, kwa sababu kiatu kimoja huwa kimeshahamia chini ya kitanda cha mtu mwingine. Mtoto akilala kitanda cha juu, msitegemee mkono wa mama yake. Kunjeni blanketi liwe kama gogo, mlibane ukingoni mwa godoro. Halidondoki, na mtoto haendi popote.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, lakini iliyonikaa ni ya bwana mmoja aliyepandia Dodoma akadai kuingia chumba cha wanawake, kwamba mkewe yumo na hamwamini. Alikuwa na macho mekundu na anatetemeka mdomo. Mimi nilitaka aitwe mkuu wa treni. Mzee Rajabu alimletea kigoda na kikombe cha chai, akamketisha nje ya mlango uliofungwa, akamwambia, "Linda." Bwana yule alilinda mpaka kumekucha. Mkewe alipotoka asubuhi alimruka miguu kama mtu anavyoruka mzigo, akaenda kunawa uso. Nilimcheka sana yule bwana. Sikujua kwamba na mimi kigoda changu kilikuwa kinakuja.

Sasa Zuhura. Ni kitinda mimba wa mama, nimempita karibu miaka ishirini, na mgongo huu ndio uliombeba Dindira nzima akiwa na surua. Alipomaliza shule akaenda kusomea uhudumu wa ndege, nilifurahi kweli. Furaha ilidumu mpaka aliporudi nyumbani mara ya kwanza na sare. Skafu shingoni, viatu vya kisigino kwenye udongo ule mwekundu na havikuchafuka, sijui alifanyaje. Majirani walijaa. Mama alichukua picha ya Zuhura akiwa kwenye ngazi ya ndege, akaitundika sebuleni. Picha yangu nimesimama mlangoni mwa behewa, ambayo ilikuwepo pale tangu baba yu hai, ilihamishiwa chumbani, juu ya pipa la mahindi. Mama alisema sebuleni kuna jua, lingeiharibu.

Miaka hiyo reli yetu ya kaskazini ilikuwa imelala, majani yameota katikati ya mataruma yanayobeba vyuma. Treni ya abiria iliporudi kupita Korogwe, niliomba kuhamishiwa huku. Mume wangu, Baba Salimu, ni mtu wa Misima, Handeni, ana shamba kule, lakini nyumba tulijenga hapa Kwamndolwa ili niwe karibu na stesheni. Safari ya kwanza treni iliposimama Korogwe watu walipiga vigelegele, na mimi nikashuka ngazi nimenyoosha koti, nikisema moyoni, laiti Zuhura angekuwepo.

Abiria wa huku walinishangaza. Nilizoea watu wanaopanda treni kwa sababu hakuna kingine. Huku nikakutana na watu waliokuwa na uwezo wa kupanda ndege, na wameiacha. Palikuwa na mwalimu wa chuo aliyekwenda Moshi kila mwezi, na mama mmoja wa vitenge aliyekuwa na duka Arusha. Nilikuwa nawauliza, najifanya natandika kitanda, kumbe nakusanya ushahidi.

"Ndege ni saa moja," mwalimu yule aliniambia, "lakini hiyo saa moja inakula siku nzima. Unaamka watu hawajaamka, unakaa kwenye foleni, unakaa uwanjani, unateremka porini, unatafuta gari la kukufikisha mjini. Humu naingia jioni, navua viatu, naamka Moshi. Siku yangu bado ninayo mkononi."

Maneno hayo niliyahifadhi mpaka Idi. Tulikuwa wote Dindira, mama amekaa kwenye mkeka, Zuhura anamchambulia mchele. Macho ya mama yalikuwa yameanza kumsumbua, na daktari aliyemwamini yuko Moshi. Zuhura alikuwa amemchukua akae naye Dar es Salaam, na kila kliniki anampandisha ndege kwa tiketi ya familia. Nikasema mama apande treni yangu, alale, afike amepumzika.

"Dada, ni saa moja tu," Zuhura akasema. "Kabla chai haijapoa ameshafika."

"Na kutoka kwako mpaka uwanjani?"

"Hiyo ni foleni, siyo ndege."

"Mimi sina foleni."

"Huna kwa sababu unapita watu wakiwa wamelala."

Mama alicheka mpaka akapangusa macho. "Mwacheni Zuhura anirushe," akasema. "Baba yenu alikufa hajui ukungu ukiwa chini unafananaje."

Mwalimu wa chuo hakunipa hoja ya ukungu.

Nilikwenda Dar kumsalimia mama siku moja ya mapumziko, nikapita kwa jirani kuulizia mlango. "Unamtaka Mama Zuhura?" yule jirani akaniuliza. Mnajua mila zetu, mama huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza. Tangu nizaliwe mama yangu ni Mama Mwajabu, kwa jina langu. Nikasema ndiyo, namtaka Mama Zuhura. Nilikaa nikanywa soda, nikaondoka mapema, nikisingizia zamu.

Halafu jicho likaharibika ghafla. Mama aliamka asubuhi akasema kuna pazia jeusi linashuka upande mmoja. Zuhura hakusubiri, siku hiyohiyo alimpeleka Moshi kwa ndege, na siku ya pili akafanyiwa upasuaji. Lazima niseme kweli, hapo ndege ilifanya kazi yake. Angesubiri treni yangu jioni, jicho lingekwenda. Nilimshukuru Zuhura kwenye simu na nilimaanisha, na nilipokata simu nilikuwa nimeumia vilevile.

Siku chache baadaye alinipigia tena, sauti imeshuka.

"Dada, mama ameruhusiwa, lakini daktari amekataa ndege. Kabisa. Na mimi kesho naanza kazi, nimeshaomba ruhusa zimekwisha."

"Amekataa kwa nini?"

"Atakueleza. Uko wapi?"

Nilikuwa Arusha, treni inageuza. Mkuu wa treni aliniruhusu nitangulie Moshi kwa basi, mwenzangu akashika mabehewa yote mawili hadi kule. Nilifika wodini nikiwa na sare. Daktari alikuwa kijana, amechoka, kalamu imemmwagia wino mfukoni.

"Wewe ndiye binti yake wa ndege?" akaniuliza.

"Mimi ni wa treni."

"Basi wewe ndiye ninayekutaka."

Mpaka leo sijawahi kuambiwa maneno matamu kama hayo na mtu mwenye koti jeupe. Alinieleza kwamba utando wa nyuma ya jicho ulikuwa umeachia. Wameurudisha, na wameweka gesi ndani ya jicho iukandamize mpaka ushike. Juu angani hewa inapungua, gesi inatanuka, na jicho linaweza kufa kwa saa ileile moja. Mlima nao hapana, kwa hiyo Dindira asahau kwa sasa. Basi lingemfaa kwa hewa, lakini mama alitakiwa alale kifudifudi, uso chini, au angalau kwa ubavu, asilale chali hata kidogo. Kwenye kiti cha basi haiwezekani.

"Kwenye treni yenu kuna kitanda?" daktari akauliza.

"Ndiyo kazi yangu," nikasema.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Jicho limefunikwa. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua uso. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu.

"Mama, utashukia Korogwe. Chumba nimekiandaa, godoro jipya, na choo kiko ndani. Baba Salimu atakuja kutupokea."

"Nitakwenda kwa Zuhura," akasema.

"Korogwe ni tambarare, daktari amekubali."

"Nimemsikia. Nitakwenda kwa Zuhura."

"Zuhura yuko angani kila siku, mama. Nani atakutazama?"

"Yuko yule dada wa kazi. Ananijua."

Nilikunja khanga zake nikazitia kwenye mkoba. Kushindwa na ndege nilikuwa nimezoea, lakini sasa hata dada wa kazi wa Zuhura alikuwa amenipita.

Tulipanda jioni. Chumba cha wanawake kilikuwa na mtu mmoja tu, bibi wa Kimaasai aliyepandia Arusha, anarudi kwao kwenye mbuga za Handeni baada ya kumwona binti yake. Nilimsalimu, "Takwenya," naye akajibu "Iko," akasogeza miguu. Jina lake Nashipai, lakini wote tulimwita Koko, yaani bibi. Nilimlaza mama kitanda cha chini, uso kwenye foronya niliyoikunja duara aweze kupumua, na pande zote mbili nikabana magogo ya blanketi asije akageuka akiwa usingizini. Koko alitazama mpaka nikamaliza.

"Kwa nini umemlaza kama mtoto anayechapwa?" akaniuliza.

Nikamweleza.

"Mimi silali kwenye kitu kinachotembea," akasema. "Nenda kwenye kazi yako. Akigeuka nitakuita."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Nilikuwa na behewa zima: mlevi mmoja chumba cha mwisho, mama na mapacha wake, watu wa kushuka Same, na kila nikipata nafasi nilirudi kuchungulia. Mara ya tatu au ya nne niliposimama mlangoni niliwasikia wanaongea. Mama anaongea na godoro, maana hakuweza kuinua uso, na Koko ameinama kumsikiliza.

"Mwanangu anaruka," mama anasema. "Anakwenda Mwanza, anakwenda Zanzibar, anakwenda mpaka nje. Yule ni wa mwisho, lakini ndiye aliyenionyesha mawingu."

"Na huyu aliyekulaza?" Koko akauliza.

"Huyu ni Mwajabu," mama akasema.

Nilisubiri nisikie kinachofuata. Hakikufuata kitu. Huyu ni Mwajabu, basi. Nikaondoka nikaenda kumpangusia mlevi matapishi yake, na nawaambia wenzangu, usiku ule kazi hiyo ilinifaa.

Tulipokaribia Korogwe mama alikuwa amelala. Koko nilimkuta macho, amefunga shuka zake, mkoba begani. Nilishusha dirisha la korido na nikamwona Baba Salimu chini ya taa, ana sweta, ameshika chupa ya chai. Nyuma yake bajaji imewasha injini. Alikuwa ametoka Misima mchana ule kwa ajili hiyo tu.

"Anashuka?" akaniuliza kabla treni haijasimama vizuri.

"Amelala."

"Si umwamshe umuulize? Bajaji hii nimeiweka."

"Nilishamuuliza."

Akaitazama ile chupa, akanipa. Nilirudi chumbani kumsaidia Koko na mzigo wake. Mama alikuwa amelala kama nilivyomwacha, kisogo juu, mvi zimetoka nje ya mtandio. Nilisimama upande wa miguu yake. Ubao uko pale, mkono wangu uko pale. Nilijua ningegonga mara moja na kusema "Korogwe," angeinuka. Watu wote huinuka. Angekuwa bado na usingizi, ningemshika mkono, ningemvalisha viatu, na angekuja kuzinduka vizuri akiwa ndani ya bajaji, nusu njia ya kufika kwangu. Mtu wa kunilaumu nisingemkosa, lakini mama ningekuwa naye.

Koko alisimama mlangoni akanitazama. Sijui alielewa nini.

Stesheni ya mama ilikuwa Dar es Salaam. Niliinama nikalisogeza gogo la blanketi lililokuwa limelegea, nikampeleka Koko mpaka ngazini, nikamkabidhi kwa Baba Salimu amtafutie mahali pa kungojea gari la Handeni. Treni ikaondoka. Taa za Kwamndolwa zilipita dirishani, na mojawapo ilikuwa yangu. Nikakaa kwenye kigoda nje ya mlango wa mama, nikamkumbuka yule bwana wa Dodoma, na safari hii sikumcheka.

Asubuhi Dar es Salaam Zuhura alikuwa kwenye jukwaa la stesheni na sare yake kamili, amepitia kabla ya kwenda kazini. Wapagazi walimpisha bila kuombwa. Mama alishuka kichwa kimeinama, hakuweza kumwona vizuri, lakini aliposikia tu viatu alisema, "Zuhura mwanangu," na uso wote ukafunguka.

"Alilala?" Zuhura akaniuliza.

"Alilala."

"Aligeuka?"

"Hakugeuka."

"Alisema nini njiani? Mliongea?"

Nilidhani ananikagua kazi, kama wanavyokaguana wao huko kwenye ndege. "Ninafanya kazi, Zuhura," nikamwambia. "Siongei na abiria usiku kucha." Akanitazama kama anayetaka kuongeza neno, kisha akaniambia asante dada, nenda kapumzike. Alisema vizuri kabisa. Mimi nilisikia kama mtu anayemwambia dereva wa teksi.

Jicho lilishika. Gesi ikaisha yenyewe, polepole, mama akawa anasema anaona maji yanapungua kama kwenye glasi. Kliniki ya baadaye daktari aliangalia akasema sasa ndege ruksa. Na kliniki zilizofuata mama akapanda ndege. Kwenda na kurudi. Sikuwa nimetarajia hivyo. Nilikuwa nimejijengea kichwani kwamba baada ya usiku ule atasema, treni ndiyo safari. Niliwaambia wenzangu kitanda namba ile tusimpe mtu mpaka dakika ya mwisho, halafu nikampa muuza maparachichi wa Mombo aliyekoroma mpaka watoto wa chumba cha pili wakaamka.

Muda wangu wa kustaafu ulifika. Mlinifanyia sherehe, mkaninunulia kiti hiki nilichokalia, ahsanteni. Zuhura alituma keki. Ilikuja na ndege mpaka Tanga na basi mpaka hapa, na niliila.

Wiki chache baadaye mama akapiga simu.

"Mwajabu, nina kliniki mwezi ujao. Nataka kwenda na treni."

"Zuhura hana nafasi kwenye ndege?"

"Nafasi ipo. Nataka treni, na nataka twende wote."

"Mama, nimestaafu. Humo ndani sina mamlaka tena hata ya kukuongezea blanketi."

"Ndiyo maana nataka sasa," akasema. "Ile siku ulikuwa unaingia na kutoka, unaingia na kutoka. Sikupata hata nafasi ya kukuuliza hali yako. Zuhura naye kwenye ndege ni hivyohivyo, anasukuma lile toroli lake, akinifikia ananipa juisi anapita kama hanijui. Nimezaa watoto wawili wa safari, na sijawahi kusafiri na hata mmoja."

Alikuja kwa treni kutoka Dar, akashukia Korogwe kwa miguu yake. Alikaa kwangu siku kadhaa, akalala kwenye lile godoro, akasema ni gumu. Siku ya kliniki ilipokaribia tukapanda wote kwenda Moshi. Asnati, wewe ndiye uliyekuwa zamu, na nakupa alama zako hapa: shuka safi, maji yapo, lakini tochi usiimulike usoni mwa mtu. Mulika dari.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulala kwenye kitanda cha treni nikiwa abiria. Miguu haikujua ifanye nini. Kila mlango uliogongwa niliinuka, mama akaniambia lala. Alikuwa kitanda cha chini, mimi cha chini upande wa pili, sisi wawili tu, na kati yetu nafasi ambayo mkono ungefika. Nilisubiri aniulize hali yangu. Aliniuliza, kweli, nikamwambia magoti yananisumbua. Akasema pole. Kisha akaanza kusimulia: jinsi Zuhura anavyorudi amechoka mpaka anasinzia na kijiko mkononi, jinsi anavyojifungia bafuni akilia, anadhani maji yanaficha sauti, jinsi alivyoachwa na yule mchumba wa Mwanza na hakumwambia mtu. Zuhura hiki, Zuhura kile. Nililala chali gizani, nimengojea usiku huu maisha yangu yote, na mama yangu ananisimulia Zuhura. Wivu ulinipanda. Lakini yale ya bafuni sikuwa nayajua. Ya mchumba pia.

Tulikuwa tumepita Mombo simu yangu ilipolia. Alikuwa Zuhura, yuko hotelini mji wa mbali, ndege yao inaondoka alfajiri.

"Dada, mmefika wapi?"

"Tumepita Mombo."

"Mama amelala?"

"Hajalala. Tunaongea."

"Mnaongea nini mpaka saa hizi?" akauliza, na akacheka kidogo ionekane ni utani.

Ile sauti naijua. Sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine, lakini naijua, kwa kuwa nimeishi nayo kooni kwangu tangu siku alipokuja Dindira na skafu. Nilikuwa na jibu tayari. Ningemwambia "mambo yetu tu," na ningelala usingizi mzuri ajabu.

"Tunakuongelea wewe, Zuhura," nikamwambia. "Tangu Korogwe."

Niliitazama simu, nikidhani mtandao umekatika. Halafu akauliza, taratibu, iwapo humo chumbani mwetu kulikuwa na kitanda kingine kilichobaki wazi.